Mkono Ndani ya Mofa

Bi Zakiya hakuitikia salamu. Nabiha alimsalimu tena, kwa sauti ambayo hata wa ghorofani wangeisikia, na Bi Zakiya akazidi kuuinamia ungo wake pale barazani, akichambua mchele kana kwamba kila punje ilikuwa na neno la kumwambia. Kisha akauambia huo mchele:

"Wengine wana nyuso ngumu. Wampiga mtu mzima ndani, kisha wapita njiani wakitoa salamu kama waungwana."

Nabiha alikuwa ametoka Marikiti, kikapu mkono huu, mfuko wa unga wa mtama mkono ule, jasho likimtiririka chini ya buibui. Aliviweka vyote chini.

"Nani ampigaye mtu mzima, Bi Zakiya?"

"Sikutaja jina."

"Nami sikuuliza mchele. Nakuuliza wewe."

"Kamuulize mavyaa wako. Mdomo wake umefumba, lakini mikono yake yasema."

Wanawake wawili waliokuwa wakipita wakapunguza mwendo. Mmoja akainama kutengeneza kiatu ambacho hakikuwa na kasoro. Nabiha akaokota mzigo wake akaenda zake. Si kwamba hakuwa na jibu. Jibu alikuwa nalo, fupi na safi, la kumnyamazisha Bi Zakiya kabla mchele haujafika jikoni. Lakini alikuwa ameahidi kutolitoa, na hapo ndipo balaa lake lilipokaa.

Mavyaa wake, mamake mumewe, ni Bi Mwanaesha mpika mofa. Nyumba yao iko katika kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, na uani kwake kuna tanuri la udongo lenye umbo la mtungi mkubwa uliozikwa nusu, ambalo mamake Bi Mwanaesha alilitumia kabla yake. Hilo ndilo mofa. Makaa huwashwa chini, kuta za ndani zikishika moto mpikaji huchovya mkono majini, hushika donge la unga wa mtama, hutia mkono ndani hadi juu ya kiwiko, akalibandika ukutani. Pa! Mkono nje, donge jingine. Watu wakitoka msikitini alfajiri mikate i tayari, na tangu Nabiha aolewe katika nyumba ile hajaona mkate uliolala.

Ila Bi Mwanaesha alikuwa amepita sabini, na ngozi ya mikono yake ilikuwa imegeuka ganda la kitunguu. Ilimeta. Mishipa ilionekana chini yake kama nyuzi. Akigusa pembe ya meza, doa la zambarau. Akibeba ndoo na mpini ukamlalia mkononi, doa jingine, kubwa kuliko mpini wenyewe. Na mdomo wa mofa, ule ukingo wa udongo uliochomwa ukakauka na kukwaruza kama msasa, ulikuwa ukimchuna kila asubuhi.

Nabiha aliligundua jambo hilo siku alipomkuta amejifunga kitambaa cha jikoni, damu imepenya. Hakuuliza mengi. Alileta plasta akaibandika. Kesho yake alipoibandua, ngozi ikaja nayo, kipande kizima, na Bi Mwanaesha akatoa ukelele kisha akamtukana mkwewe matusi ambayo Nabiha hakujua kuwa mtu wa swala tano ana akiba yake.

Wakaenda zahanati. Muuguzi alikuwa Ketty, mwanamke wa bara, mwepesi wa mkono na mkali wa mdomo. Aliutazama ule mkono mbele na nyuma, akauliza dawa gani mama anatumia, na aliposikia kuwa ni miaka mingi anameza vidonge vya pumu, akatikisa kichwa.

"Uzee umeipunguza ngozi, na vidonge vimeipunguza zaidi," alisema. "Msimwachishe, pumzi zitamziba. Lakini mjue mkono huu haugusiki ovyo. Haya madoa si ugonjwa, ni vijishipa vinapasuka kwa kugongwa kidogo tu. Na plasta nani alileta?"

"Mimi," alisema Nabiha.

"Usirudie. Ikichanika, osha kwa maji safi, irudishe ngozi mahali pake polepole kwa kidole chenye maji, weka kitambaa kisichonata, funga bendeji isibane. Mafuta mazito yasiyo na manukato asubuhi na jioni, unapapasa, husugui. Na kubwa kuliko yote, muukinge mkono kabla haujaumia. Avae nguo ya pamba ya mikono mirefu. Kingo za kitu anachofanyia kazi zifunikwe. Kwani anafanya kazi gani?"

Nabiha akafungua mdomo. Bi Mwanaesha akamfinya paja.

"Kazi za nyumbani," alisema Bi Mwanaesha.

Nabiha alikuwa na stashahada ya upishi wa hoteli na hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Alinunua soksi ndefu za wachezaji mpira, za mitumba, akichagua za pamba tupu kwa sababu nailoni ikiona moto huyeyuka na kung'ang'ania mwilini. Akakata vidole, akatoboa tundu la dole gumba, akapinda na kushona. Zilimfika Bi Mwanaesha kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko. Kwa ukingo wa mofa alishona pete nene ya gunia, ya kuloweshwa maji kila kabla ya kupika. Akamkata mavyaa wake kucha na zake mwenyewe pia.

Pete ya gunia ilikubaliwa. Soksi zilikubaliwa mchana, chini ya mikono ya dera, wakati wa kufagia na kuosha na kubeba. Mbele ya mofa Bi Mwanaesha alizivua.

"Mama, hapo ndipo hasa zinapotakiwa."

"Mofa husikizwa kwa mkono mtupu," alisema Bi Mwanaesha. "Natia mkono, moto waniambia. Bado, au haya, au umepita. Nikivaa hizi nitasikia nini? Nitasikia soksi."

"Kuna vipimo vya joto. Vyauzwa."

"Basi kiambie kipimo kikupikie."

Na siku hiyo hiyo alimshika Nabiha bega, akamvuta karibu na kumwambia yale yaliyokuja kumla. "Haya ya damu yasitoke nje ya ukuta huu. Damu ni najisi. Mtu akisikia mkono wangu watoka damu, nani atatia mkate wangu kinywani? N'sitiri, mwanangu. Hata mumeo Fuad usimwambie, hawezi kumficha dadake neno."

Nabiha alijua kuwa Bi Mwanaesha si mchafu. Kwa macho yake alikuwa amemwona akimwaga beseni zima la unga uliokwisha kuumuka, kwa tone moja ambalo huenda hata halikuingia, kisha akaliosha beseni na mikono na sakafu. Basi akaahidi. Ilikuwa ahadi ya kijinga, kwa sababu alimwahidi mtu siri bila kuuliza nani atailipia.

Ilianza kulipwa kwenye hitima ya jirani mmoja. Wanawake walijaa, joto lilikuwa kali, na Bi Mwanaesha alikuwa amevua soksi kwa ajili ya udhu asizivae tena. Ilipofika dua akainua mikono pamoja na wenzake, mikono ya dera ikateremka hadi viwikoni, na waliokuwa mbele yake wakayaona madoa: mabichi, makuukuu, ya zambarau, ya manjano, na kovu la plasta. Aliyekaa karibu akamnong'oneza, "Bi Mwanaesha, nini haya?"

Bi Mwanaesha angeweza kusema ameanguka. Angeweza kusema ni uzee. Lakini aliona neno uzee litafuatwa na neno mofa, na neno mofa na neno damu, basi akashusha mikono akasema, "Mambo ya nyumbani, mwanangu. Ya ndani hayasemwi."

Alidhani amefunga mlango. Mji mzima ukaingia humo humo.

Siku ile ya Bi Zakiya na mchele, bintiye Nabiha alirudi kutoka shuleni, hakula. Alikaa kwenye ngazi na mkoba mgongoni.

"Mama, ni kweli wampiga bibi?"

"Nani kasema?"

"Wote."

Nabiha alikwenda uani. Bi Mwanaesha alikuwa akikanda unga wa kesho, kwa utulivu, kama mtu asiye na deni la mtu.

"Mama, watu wasema nakupiga."

"Watu husema."

"Waambie si kweli."

"Nikisema si wewe wataniuliza ni nini. Niwajibu nini?"

"Ukweli."

"Ukweli wafunga mofa."

"Na uwongo umenifunga mimi! Mwanangu ameniuliza leo. Mwanangu wa kumzaa."

Bi Mwanaesha aligeuza donge, akalipiga kofi. "Wewe u kijana. Miaka michache watu watasahau, watapata mwengine wa kumsema. Mimi jina langu ni huu mkate. Mkate ukiondoka sina jingine."

"Kwa hiyo mimi ndiyo soksi yako. Univae nichakae mimi."

"Umesema wewe," alisema Bi Mwanaesha, na akaendelea kukanda.

Jioni Nabiha alimwambia mumewe yaliyosemwa mtaani. Fuad alikuwa karani bandarini, mtu mpole, wa kupenda mambo yaishe yenyewe. Alisikiza huku akikunja shati lake.

"Na wewe waamini nampiga mamako?"

Fuad alichelewa kujibu. Hakuchelewa sana, ila alichelewa.

"Siamini," alisema. "Lakini madoa nimeyaona, Nabiha. Nilipokuuliza ulisema nimuulize mwenyewe. Na mwenyewe hasemi. Hebu nielewe na mimi."

"Nimekuelewa," alisema Nabiha, na usiku huo alilala na binti zake.

Ummukulthum, dadake Fuad, alikuwa akiishi Buxton, na maneno ya Ndia Kuu yalimfikia yakiwa yameongezwa chumvi njiani. Hakupiga simu. Alikuja Jumapili baada ya alasiri, akamleta na Ami Abdulghafur, mdogo wa marehemu babake, mzee ambaye ndoa na mirathi ya ukoo ule haikupita bila yeye kukohoa. Waliketi sebuleni. Nabiha alileta chai na kaimati. Ummukulthum hakugusa.

"Sili cha mkono huo," alisema.

"Hiyo ni chai, wifi, haina mkono," alisema Nabiha. "Lakini usijilazimishe."

"Ami, umemsikia? Mbele yako. Sasa fikiria nyuma yako."

"Tuseme kwa heshima," alisema Ami Abdulghafur. "Kulthum, umetuita. Toa lako."

"Langu ni fupi. Huyu ampiga mamangu. Mtaa wote wajua, sisi tu ndio tuliolala. Mimi namchukua mama leo, twenda kwangu. Na huyu arudi kwao, nyumba hii ni ya mama, si yake. Watoto ni wetu, watabaki. Fuad akitaka mke, wanawake hawajakwisha Mombasa."

Fuad alisema, "Dada, taratibu," na hapakuwa na mtu aliyemsikia.

Nabiha alimtazama Bi Mwanaesha. Mzee alikuwa amekaa kwenye pembe ya kochi, mtandio umefunika mikono yake, macho yake kwenye zulia. Neno moja lingetosha.

"Mama," alisema Nabiha. "Wasikia wanavyosema. Wataka kunitoa kwa wanangu."

Bi Mwanaesha akauvuta mtandio ukafunika hata vidole.

"Amemtisha!" alisema Ummukulthum. "Waona, Ami? Hata kusema aogopa. Mama, usiogope, sisi tupo. Onyesha mikono."

"Niache, Kulthum."

"Onyesha, ami aone mwenyewe."

"N'achie, nimesema."

Lakini Ummukulthum alikuwa ameshainuka. Alimfunua mamake mtandio, akapandisha mkono wa dera, na chini yake akakutana na ile soksi nyeupe iliyopanda hadi kiwikoni. Akageuka na uso wa mtu aliyeokota ushahidi.

"Lo! Tazameni. Tazameni hila! Ampiga, kisha amvisha soksi watu wasione! Soksi, mikononi! Nani mwenye akili avaa soksi mikononi?"

"Wifi, usiivute," alisema Nabiha.

"Nisiivute, yasionekane uliyoyafanya?"

"Nakwambia usiivute hivyo. Mshike chini ya kiwiko, usi..."

Ummukulthum alimbana mamake mkono juu ya kifundo, akaivuta ile soksi kwa nguvu zote za mtu aliye katika haki. Soksi ilitoka. Chini ya dole gumba lake, pale alipokuwa amebana, ngozi ya Bi Mwanaesha ilitembea. Ilikunjamana na kusogea kama utando wa maziwa ukisukumwa kwa kijiko, ikaacha mahali pekundu, panalowa, pana kama jani la mpera. Damu ikashuka hadi kwenye kochi.

Bi Mwanaesha hakupiga kelele. Alivuta pumzi kwa meno, akaufunga mdomo.

Ummukulthum aliuachia mkono ule, akautazama wake. "Mimi sikufanya kitu," alisema. "Nimemshika tu. Ami, umeona, nimemshika tu."

"Kaa," alisema Nabiha.

"Nimemshika..."

"Kaa chini, unanizibia mwanga. Fuad, chupa ya maji yaliyochemshwa, mlango wa kabati wa kushoto. Na kile kikopo cha bluu. Nawa mikono kwanza."

Alipiga magoti mbele ya mavyaa wake, akauweka ule mkono juu ya taulo na kuuinua juu ya mto. Alibonyeza kwa kitambaa hadi damu ikapungua. Akamwaga maji kidogo kidogo. Kisha akachovya kidole na kuanza kuirudisha ngozi mahali pake, akiisukuma kutoka ukingoni, kipande kwa kipande, polepole kuliko alivyofanya jambo lolote wiki nzima. Ami Abdulghafur alikuwa ametoa miwani yake na kuivaa tena. Kitambaa chenye mafuta, bendeji, fundo mbali na jeraha.

"Umefanya hivi mara nyingi," alisema Ami Abdulghafur.

"Mara nyingi."

"Na hii ngozi, huwa yachanika hivi? Kwa kushikwa tu?"

Nabiha alifunga kikopo. "Ami, mimi nimeahidi kutosema. Muulizeni aliyeniahidisha."

Macho yote yakaenda kwenye pembe ya kochi. Mlio wa pikipiki ulipita kichochoroni ukaisha. Bi Mwanaesha aliitazama bendeji, akalitazama lile doa kwenye kochi, akamtazama bintiye, ambaye sasa alikuwa akifuta dole gumba kwenye leso, akifuta na kufuta.

"Ni mofa," alisema.

"Mofa vipi, shemeji?" aliuliza Ami.

"Ni mofa, na uzee, na vidonge vya pumu. Nikigusa kitu nachubuka, nikishikwa nachanika. Huyu hajanigusa ila kuniuguza. Hizo soksi kazishona yeye, na sizivai inavyopasa." Alivuta pumzi. "Niliona watu wakijua kuwa natoka damu hawatakula mkate wangu. Basi niliwaacha waseme watakalo."

"Wamseme mkaza mwanao," alisema Ami Abdulghafur.

"Wamseme."

Fuad aliketi chini kwenye sakafu, chupa ya maji mkononi. Hakumwangalia mkewe. Nabiha alitaka amwangalie, ili auone uso aliomwekea.

Ummukulthum ndiye aliyepata sauti mwanzo. "Basi mofa livunjwe! Leo leo! Na wewe," akamgeukia Nabiha, "wewe wajua mamangu yuwaumia na wamwacha kila alfajiri atie mkono motoni? Wewe ni mtu wa namna gani?"

Nabiha alicheka, kicheko kibaya, kifupi. "Umekuja kunifukuza kwa kumpiga. Sasa wanifukuza kwa kutomzuia. Wifi, chagua kosa moja nijue la kujitetea."

"Sikujua!"

"Hukuuliza. Kutoka Buxton hadi hapa ni mwendo wa kutokwa jasho tu. Mara ya mwisho kumpaka mamako mafuta mikononi ni lini?"

"Inatosha," alisema Ami Abdulghafur, na akakohoa kile kikohozi chake cha kufunga mambo. "Kulthum, umemkosea wifi yako. Shemeji, nawe umemkosea. Mungu ni mwingi wa kusamehe. Tusome Fatiha, tushikane mikono, yaishe hapa hapa ndani."

"Hayaishi," alisema Nabiha.

Mzee alikuwa ameshakunjua viganja. Akavishusha.

"Ami, n'samehe, nakuheshimu. Lakini mimi nimetukanwa barazani, sitasafishwa sebuleni. Mkisoma Fatiha hapa, kesho nikipita kwa Bi Zakiya atanitemea mate. Mwanangu ataulizwa shuleni. Atakayekwenda kuwaambia ni mama mwenyewe, kwa mdomo wake, nyumba moja moja. La sivyo, Kulthum hana haja ya kunitoa. Natoka mwenyewe, na wanangu nawabeba, na tutaona nani wa kunizuia mlangoni."

"Nabiha," alisema Fuad. "Mama ni mzee."

"Ni mzee, si bubu. Na wewe nyamaza, zamu yako ya kusema imepita."

Bi Mwanaesha aliinua macho. Yalikuwa makavu, na hayakuwa na upendo wowote ndani yake. "Wajua wataka nini? Watanikimbia. Mofa la mamangu litazimika mikononi mwangu."

"Najua."

"Na bado wataka."

"Nami ulijua, na bado ulinyamaza."

Walitazamana. Waliokuwapo walingoja mmoja kati yao alie, na hakulia mtu. Mwisho Bi Mwanaesha alisema, "N'leteeni buibui langu," na Ummukulthum alipokimbilia kumshika mkono ainuke, mzee akauondoa mkono wake haraka, akajishika kwenye kiti, akasimama peke yake.

Walitoka wawili. Jua lilikuwa limepungua ukali na mabaraza yalikuwa yamejaa, saa ile ambayo kila mtu yuko nje na hakuna linalopita bila kuonekana. Bi Mwanaesha alitangulia. Nabiha alifuata hatua moja nyuma, hakumshika.

Bi Zakiya alikuwa mlangoni pake na wenzake wawili. Alipowaona pamoja alikaa sawa.

"Masalkheri, Bi Mwanaesha. Karibu. Vipi hali?"

"Hali mbaya," alisema Bi Mwanaesha. Alipandisha mkono wa buibui akautoa ule mkono wenye bendeji, kisha ule mwengine wenye madoa, akaiweka mbele ya nyuso zao. "Mwaona hii? Mwasema mkwe wangu anipiga. Hanipigi. Ni ngozi yangu, imekwisha. Nachubuka kwa mofa, na hili la leo kalifanya Kulthum kwa kunishika, bila kujua. Nabiha ndiye anifungaye. Mimi nilijua mwamsema, nikanyamaza kwa sababu yangu. Nimekuja kuwaambia."

Mmoja wa wale wanawake akasema "Astaghfirullah" kwa sauti ya chini. Bi Zakiya aliitazama bendeji muda mrefu. Fikira ilimjia polepole, ikaonekana ikija.

"Wachubuka kwa mofa," alisema. "Yaani watoka damu. Ukipika."

"Mara nyengine."

"Na mikate tuliyokuwa tukila?"

"Unga ulioguswa niliumwaga. Wallahi sikumlisha mtu tone."

"Sisemi waongopa." Bi Zakiya alikunja mdomo. "Lakini roho, Bi Mwanaesha. Roho haitakubali. Kesho usituwekee. Usichukie."

"Sichukii," alisema Bi Mwanaesha, na ilionekana wazi kuwa anachukia.

Bi Zakiya sasa alimgeukia Nabiha. Aliusogeza mkeka kidogo, akaweka tabasamu ambalo halikumkaa. "Na wewe mwanangu, ingia ndani unywe maji. Watu husikia neno, nao ni binadamu."

"Nina maji nyumbani," alisema Nabiha. "Na jina langu ni hilo hilo ulilokataa kulitaja. Ukilisikia tena kwa watu, sema uliyoyasikia leo."

Waliondoka. Nyuma yao mabaraza yalikuwa yameanza kunong'ona, jambo jipya sasa, la damu na mtama, na Nabiha aliona mgongo wa mavyaa wake ukisikia kila neno. Walipofika kwenye kona Bi Mwanaesha alisimama, akaegemea ukuta kwa bega, si kwa mkono.

"Umeridhika?" aliuliza.

"Bado."

"Mmoja ameshaondoka. Watakuwa wote."

"Huenda wote. Huenda wengine wakasema vaa kinga na upike, tutakuja. Hutajua hadi ugonge."

"Na wewe wataka wakae au waondoke?"

Nabiha alilifikiria vizuri lile swali, kwa kuwa lilistahili jibu la kweli. "Leo sijali," alisema.

Bi Mwanaesha akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei na akaona si ya kuonewa. Akatengeneza buibui lake, akahakikisha bendeji iko nje inaonekana, akaugonga mlango uliofuata.